Gunia la Methani

Wairimu, mjukuu wangu, na nyinyi wenzake mnaoanza kazi ya maabara katika shule za huku kwetu Ruiru na Thika, naandika haya kwa sababu ya lile sanduku. Wiki iliyopita Wairimu alikuja nalo nyumbani. Ndani mna vitufe vya plastiki, vyeusi, vyeupe na vyekundu, pamoja na vijiti vyake, kila kimoja kimelazwa kwenye kishimo chake. Akatoa kitufe cheusi, akachomeka vijiti vinne, akaweka vitufe vyeupe vinne mwishoni, na methani ikasimama juu ya meza yangu kabla chai haijapoa. Nikamuuliza pembe kati ya vijiti viwili ni ngapi. Akasema ni digrii mia moja na tisa na nusu. Nikamuuliza anajuaje.

"Si matundu yalikuja yakiwa hivyo, Guka?"

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Matundu hayakuja hivyo. Kuna watu waliyatafuta, na mimi mwenyewe nusura nipoteze shingo kwa ajili ya tofauti iliyopo kati ya digrii tisini na digrii mia moja na tisa na nusu. Kaeni niwaeleze, na anayetaka kusinzia asinzie, nimezoea.

Kwanza mjue kwamba sikuwa mtu wa kemia. Nilikuwa seremala. Baba yangu alikuwa na kibanda cha useremala upande wa Gatongora, zamani hizo kukiwa mashamba na vichaka, si majumba haya mnayoyaona. Nilikua nikitengeneza viti, milango na vitanda vya kuanikia kahawa. Chombo nilichokiamini kuliko vyote ni gwaru, kile cha chuma cha kupimia kona. Kwa seremala, kona ni ya digrii tisini, na kona nyingine yoyote ni kazi mbaya. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililoniponza.

Shule moja kandokando ya Thika ilinihitaji nikakarabati benchi za chumba cha sayansi. Kazi ya siku mbili. Nilipomaliza, mwalimu wa kemia akanitazama nikifagia maranda, akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema naweza kusoma Kiswahili na Gikuyu, na Kiingereza kidogo kile cha maandishi ya makopo. Akasema, "Basi kesho uje. Chupa zangu zinaoshwa na mtu asiyejua kusoma sumu." Siku mbili zikawa miaka thelathini na moja.

Huyo ndiye Mwalimu Gitahi. Alikuwa mwembamba, alisomea Uganda, alikuwa na koti moja la kijivu ambalo kiwiko chake nimekishona mimi mara tatu. Kwa mambo makubwa alikuwa mpole kupita kiasi. Mvulana akivunja chombo cha kioo kilichotoka ng'ambo, angesema pole tu. Lakini kwa jambo dogo angekula mtu nyama. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea chupa ishirini nilizosugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Akaichukua moja, akaiinua dirishani, akamimina maji ndani. "Tazama," akaniambia. "Maji yanasimama matone matone ukutani. Kioo kikiwa safi kweli, maji hutelemka kama shuka. Rudia zote." Nikarudia zote. Hata leo nikinywa maji hotelini naangalia glasi, na mke wangu alikuwa akiniona mwehu.

Kosa langu la pili lilikuwa la tindikali. Wairimu ananikumbusha kwamba siku hizi mnafundishwa siku ya kwanza kwamba asidi huingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi. Mimi nilifundishwa siku ya kwanza vilevile, na siku ya tatu nikasahau. Nikamimina maji juu ya asidi, ikaruka na kuchemka, na suruali yangu ikageuka chujio. Mwalimu akanimwagia ndoo nzima ya maji, akakagua miguu yangu kwa makini kuliko daktari, kisha akavua koti lake akanipa nijifunge kiunoni. Nikaendesha baiskeli kutoka Thika hadi Ruiru nimevaa koti la mwalimu kama leso. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa kando ya barabara walifurahi sana siku hiyo.

Nawaambia hayo mjue mtu aliyenifundisha alikuwaje, kabla sijafika kwenye gunia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mmesoma shuleni, kwa hivyo sitawachosha. Itoshe kusema kwamba Mgikuyu hakuweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi, kwamba njiani kulikuwa na vizuizi vya homugadi, Wagikuyu wenzetu walioishikia serikali bunduki, na kwamba mtu angeweza kuondoka nyumbani asubuhi kwenda kununua chumvi na asionekane tena mpaka miaka minne ipite. Jirani yetu mmoja, fundi viatu, alichukuliwa kwa sababu ya barua iliyokutwa mfukoni mwake. Ilikuwa barua ya shangazi yake. Waliokamatwa na vitu vya kulishia watu kiapo, kile cha siri cha kuipinga serikali, hawakupelekwa kizuizini tu. Kosa hilo lilikuwa na kamba ya kunyongea.

Na sasa kemia. Mwalimu alikuwa na darasa la wavulana kumi na wanane, wakubwa, wengine wana ndevu. Walijua kukariri. Ukiwauliza methani ni nini wangekuambia kaboni moja na haidrojeni nne, na wangekuchorea ubaoni: herufi ya kaboni katikati, haidrojeni moja juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto. Mchoro huo uko kwenye vitabu mpaka leo. Mwalimu aliuchukia. Alisema wavulana wanadhani ulimwengu umetengenezwa kwa karatasi. Ijumaa moja akaniita, akanichorea mchoro huohuo kwenye kipande cha karatasi, akaniambia, "Njuguna, Jumatatu nataka methani kumi na mbili za kushika mkononi. Finyanga kwa udongo, mikono iwe njiti za kiberiti. Mikono minne, iachane sawasawa."

Kisha akaenda kusimamia mechi ya mpira. Hakusema pembe. Alidhani amesema, mimi nikadhani nimeelewa, na ninyi vijana msidharau hatari ya watu wawili wanaoelewana hivyo.

Jumamosi nikafinyanga. Udongo wa huku kwetu ni mwekundu na mzuri kwa mihogo, lakini ukikauka unapasuka. Kaboni zangu zote zilikatika vipande, na njiti zikadondoka. Jumapili nikitoka kanisani, nikapita kando ya ua na kuona ndulele, yale matunda madogo ya mviringo ya vichakani ambayo sisi tunayaita ndongu. Mabichi ni ya kijani na magumu, yaliyoiva ni ya manjano. Ua wenyewe ulikuwa wa kayaba, wenye miiba mirefu iliyonyooka, inayoingia kwenye tunda na kutulia. Nikachuma ndulele kubwa kumi na mbili nikazipaka wino mweusi, hizo ni kaboni. Nikachuma ndogo za manjano arobaini na nane, hizo ni haidrojeni. Nikakata miiba sawasawa, nikachukua gwaru, na kwa kila kaboni nikachomeka mikono minne, kila kona digrii tisini kamili. Mwiba wa juu, wa chini, wa kulia, wa kushoto, kama mchoro ulivyosema. Zikalala mezani safi, bapa, zimelingana. Nilijivunia kazi ile.

Mtaniuliza kama sikujua. Nilijua, kila mtu alijua. Ndongu na miiba vilikuwa miongoni mwa vitu vya kiapo, na mama alikuwa amezing'oa ndulele zote karibu na mlango wetu ili mtu asije akatuwazia vibaya. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi ikishakuingia kichwani inakubadilishia macho. Nilipotazama kile kichaka sikuona ndongu. Niliona haidrojeni arobaini na nane. Na mkitaka kuniuliza swali lile lingine, kama mimi mwenyewe nilikuwa nimekula kiapo, nimeishi na swali hilo muda mrefu na sitalijibu kwenye maandishi ya maabara.

Jumatatu asubuhi nikatia methani zangu kwenye gunia pamoja na ile karatasi ya mchoro, nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikashika barabara. Nilikuwa nimepita mashamba ya kahawa na nusu ya njia iko nyuma yangu niliposimamishwa kizuizini. Sajini wa homugadi pale alikuwa mtu mzima wa kutoka kilima cha jirani, anamfahamu baba yangu. Akaangalia pasi, akairudisha. Akagusa gunia.

"Umebeba nini, mwana wa Karanja?"

"Ni vitu vya shule, Sajini."

"Fungua tuone hiyo shule."

Nikafungua. Akaingiza mkono, akachomwa, akautoa na methani imening'inia kwenye kidole chake. Nyeusi katikati, manjano pembeni, miiba minne. Alirudi nyuma hatua mbili, na wale vijana wake wawili wakanielekezea bunduki bila kuambiwa. Hapo ndipo macho yangu yaliponirudia, nikaona gunia langu kama wao walivyoliona.

Nilipelekwa kambini kwao, karibu hapo, nikakalishwa chini uani. Afisa akaja, Mzungu kijana, pengine hatukuwa tumepishana umri, uso umeungua na jua mpaka pua inachunika. Mezani kwake kulikuwa na ramani kubwa na vyombo vya kuchorea. Wakazimwaga methani zangu zote kumi na mbili juu ya ramani.

"Hii nini?" akauliza.

"Ni methani, bwana."

"Huyo Methani anakaa wapi?" akauliza Sajini, na akatoa daftari aandike.

Msicheke sana, mimi sikucheka. Nilieleza kwamba ni hewa, hewa ile ya kinamasi inayoshika moto, na kwamba hii ndiyo sura yake ikikuzwa. Nikasikia maneno yangu yakitoka, nikajua mimi mwenyewe nisingeyaamini. Sajini akamwambia afisa kwa sauti ya chini, "Bwana, hii ndongu mimi najua. Hii miiba mimi najua. Hewa hapana jua."

Lakini afisa alikuwa ameiokota moja, anaizungusha. Akasema kwa Kiswahili chao, "Mimi nasoma hii kidogo shule. Kwa kitabu nakaa namna hii. Msalaba." Akanitazama. "Nani mwalimu yako? Sisi naleta yeye. Kama yeye nasema ndiyo hii methani, wewe kwenda. Kama yeye hapana sema, basi." Akaniamuru nigeukie ukuta na nisitoe neno hata moja.

Gari likaenda Thika. Nilikaa nimetazama ukuta wa mabati, muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Nilimfikiria mama. Nilijihesabia kwamba mambo si mabaya sana: afisa amekwisha kuamini nusu, na kilichobaki ni Mwalimu Gitahi kuingia, kutazama mezani na kusema neno moja tu, ndiyo. Nikaomba Mungu neno lile litoke haraka.

Gari likarudi. Nikasikia viatu vya Mwalimu, nilivifahamu. Afisa akamuuliza, "Hii nini?"

Nikasikia kitu kikiokotwa mezani.

"Nani amefanya hii?" Mwalimu akauliza.

"Wewe jibu kwanza. Hii methani?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Hii si methani."

Mkono wa Sajini ulinishika bega, mzito, na nikajua ndio mwisho. Nawaambia kweli yangu yote: dakika ile nilimchukia mtu yule.

"Ni methani iliyokanyagwa na ng'ombe," Mwalimu akaendelea, na sauti yake ilikuwa ileile ya chupa chafu. "Njuguna, geuka. Geuka nikuone. Nilikuambia mikono iachane sawasawa. Hii imeachana sawasawa?"

Hakuna aliyenizuia, nikageuka. Alikuwa ameishika kaboni yangu usoni pangu, koti la kijivu, kiwiko nilichoshona, na homugadi wawili nyuma yake wenye bunduki. Hakuwaona. Wallahi hakuwaona.

"Ni digrii tisini, Mwalimu," nikasema. "Zote. Nilipima kwa gwaru."

"Tisini ni ya mlango. Juu ya hii kuna nini? Hewa tupu. Na chini? Hewa tupu. Una nafasi yote hiyo na umeisukuma mikono yote minne kwenye bapa moja ibanane. Kila mkono ni jozi ya elektroni, na hizo hazipatani. Kila jozi inataka kukaa mbali na nyingine kadiri inavyoweza."

Afisa alikuwa ameiva uso. "Kwa kitabu nakaa hivi," akasema. "Mimi naona."

"Kitabu ni karatasi, bwana, na karatasi haina unene. Mchoraji hakuwa na pengine pa kuweka ile mikono." Kisha akamgeukia Sajini kama anayemgeukia mwanafunzi wa benchi la mbele. "Sajini, ukiwa na askari wanne wasiopatana, na kuna kilima cha mviringo, mviringo kama tunda hili, utawaweka wapi ili kila mmoja awe mbali na wenzake?"

Sajini alikuwa mtu aliyepanga askari maisha yake yote. Akaichukua ndulele, akaizungusha. Akaweka kidole ubavuni, kingine ubavu wa pili. Akasita.

"Mmoja juu kabisa," akasema polepole. "Hawa watatu wengine washuke chini kidogo. Wazunguke."

"Washuke kiasi gani?"

"Hapo sasa sijui, mwarimu."

"Mimi ninajua," akasema Mwalimu Gitahi. Akaomba kalamu, na afisa akampa bila kujua anampa. Akang'oa miiba yote kwenye ile kaboni. Kwanza akachomeka mmoja juu kabisa. Halafu akagawanya kimo cha tunda mara tatu, akazungusha mstari kwenye theluthi ya chini, akatia alama tatu zilizoachana sawa kwenye huo mstari, akachomeka miiba mitatu ikitazama katikati ya tunda. Akaiweka juu ya ramani. Ikasimama yenyewe kwa miguu mitatu, mmoja juu. Akaigeuza, ikasimama vilevile. Akaigeuza tena. "Haina juu wala chini," akasema. "Bwana, una kipimapembe hapo kwenye ramani yako. Pima kati ya mwiba wowote na mwiba wowote. Utapata mia moja na tisa, na kama jicho lako ni zuri, na nusu."

Afisa akapima. Akapima pengine, halafu pengine tena. Ziko pembe sita katika kitu kile na alizipima zote sita, midomo ikicheza kama mtoto anayesoma. Kisha akachukua moja ya zangu akaipima, tisini. Akaziweka pamoja akazitazama. Nadhani alikuwa akimkumbuka mwalimu wake mwenyewe, huko kwao, aliyemchorea msalaba na asimwambie.

"Na maji?" akauliza ghafla. "Maji nakaa namna gani?"

"Maji yana mikono minne pia, lakini miwili haijashika mtu. Hiyo isiyoshika mtu inapanuka na kuisukuma iliyoshika, kwa hivyo inabaki digrii mia moja na nne na nusu. Amonia ina mmoja mtupu, mia moja na saba." Akasema kama anayetaja majina ya ndugu zake.

Afisa akaketi. Aliweka kipimapembe chini, na sauti yake ikarudi kuwa ya kazi. "Nani nasema yeye natumia hii matunda? Wewe najua hii matunda ya nini."

Nilifungua mdomo. Mnakumbuka Mwalimu aliniambia udongo na njiti za kiberiti. Ndulele nilizileta mimi kwa kichwa changu mwenyewe, na karatasi yake yenye mchoro ilikuwa pale mezani, haina neno ndulele popote.

"Mimi nilimwambia," akasema Mwalimu Gitahi. "Udongo unapasuka. Lilikuwa wazo langu, na lilikuwa wazo baya. Huyu ni seremala, anafanya anavyoambiwa."

Afisa akachukua daftari kutoka kwa Sajini, akaandika jina la Mwalimu, herufi kwa herufi, na jina la shule. Langu hakuliandika. Zile methani zikatiwa mafuta ya taa zikachomwa uani, zote kumi na moja na ile moja ya kweli. Tukaambiwa tuondoke.

Tulitembea kuelekea Thika, mimi nikisukuma baiskeli. Tulipopita kona na kambi ikawa haionekani, nikamwambia, "Mwalimu, si ungesema ndiyo tu? Alikuwa tayari kuniachilia. Neno moja."

"Ningesemaje ndiyo, na ilikuwa bapa?"

"Lakini kuhusu ndulele ulidanganya."

"Nilidanganya," akasema. "Uongo mmoja kwa siku unanitosha." Kisha akaanza kunieleza namna ya kutoboa mti, mpaka tukafika langoni.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Nilizichonga upya kwa mti wa jakaranda, ambao ni laini na haupasuki kama mkaratusi, na kipimo ni kilekile: tundu la kwanza juu, halafu theluthi ya chini, alama tatu. Tobolea kwenye kitako cha mbao chenye shimo, la sivyo tufe litakukimbia. Ukimaliza iweke mezani uigeuze mara nne. Ikiyumba hata mara moja, pembe zimekosewa, na usimpe mtoto. Wavulana wale wenye ndevu walizishika Jumatatu iliyofuata, na mmoja wao akakaa na ya kwake mapajani kipindi kizima, anaizungusha tu. Sikumwambia mtu yeyote shuleni zilikotoka pembe zile.

Miaka ilipita, Uhuru ukaja, nyinyi mkazaliwa. Karani mmoja mzee wa ile shule alipokuwa anastaafu, tukipanga majalada ya zamani, alinionyesha kwenye faili la Mwalimu barua mbili ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia. Ya kwanza ilisema amepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea kemia mpaka shahada, nauli na chakula vyote vimelipwa, kinachongojwa ni kibali cha serikali tu. Ya pili ilikuja miezi michache baada ya ile siku ya gunia. Ilisema kibali kimekataliwa kwa sababu za usalama, na kwamba jina lake limo katika kumbukumbu za ofisi. Nilizisoma nimesimama, nikazisoma tena. Katika miaka yote ile ya kuosha chupa pamoja, hakunitajia hata mara moja.

Wakati huo alikuwa amestaafu, anakaa Ngoliba, kwenye kijishamba kikavu chenye mbaazi na mbuzi wachache. Nilipanda basi nikamfuata. Nilimkuta ameketi nje anapukusa mahindi, koti jingine la kijivu. Nikamwambia nimeona zile barua. Nikamwambia kwamba kama angesema ukweli tu, kwamba alisema udongo na ndulele ni zangu, angekwenda Uingereza.

Aliendelea kupukusa gunzi lile mpaka likaisha. Akalitupa kwenye rundo, akanitazama.

"Na wewe, Njuguna," akaniuliza, "ungekwenda wapi?"